Aliyeitikia Vipimo

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, na kama mshonaji angekuwa mtu wa kupuuza mambo madogo, angelipuuza. Mumewe alikuwa ndani ya kijumba cha kubebwa na pikapu, amepiga goti moja, utepe wa kupimia umevutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Yeye mshonaji alisimama mlangoni na daftari na kalamu. Mume akasoma, "Mita moja nukta tisa mbili." Kabla mshonaji hajafungua mdomo, sauti ya mwanamke ikarudia taratibu, "Moja nukta tisa mbili."

Mume akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia alichokuwa akikitarajia, akahamishia utepe kwenye ukuta mwingine.

Mshonaji akageuka. Uani kwa fundi palikuwa na vijumba vitatu vya kuuza vilivyokalishwa juu ya magogo, pikapu yao, na miguu miwili ya fundi mwenyewe iliyochomoza chini ya pikapu hiyo. Hapakuwa na mwanamke mwingine.

"Nani huyo?" akauliza.

"Nani nini?"

"Aliyerudia."

"Si wewe?" alisema mume bila kumtazama.

Miezi minne ya ndoa si mingi, lakini mshonaji alikuwa amewapima watu maisha yake yote, na alimjua mtu anayevuta tumbo ndani ili fundi aandike nambari ndogo. Mumewe alikuwa amevuta kitu ndani.

Mumewe alikuwa mpima ardhi. Kwa miaka thelathini na mmoja alitangulia mbele ya barabara, akiweka vigingi mahali ambapo gari lilikuwa halijafika bado, na wenzake wakampa jina la Nukta kwa sababu hakuwahi kusema "kama mita tatu hivi." Kwake ilikuwa mita tatu nukta sifuri nne au haikuwa kitu. Alistaafu akiwa na miaka sitini, hajaoa, na watu wakashangaa alipomwoa mjane mwenye vyerehani viwili barazani. Mshonaji naye alishangaa kidogo. Alikuwa amekaa peke yake miaka tisa na alishazoea kulala katikati ya kitanda.

Wazo la kijumba lilikuwa la mume. Watu wa umri wao walikuwa wakinunua makochi. Yeye alitaka kijumba cha kupakiwa nyuma ya pikapu, chenye kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, ili ampeleke mkewe akaone vilima na makorongo aliyoyapima. Alipoyataja makorongo hayo macho yake yalilainika, na mshonaji, ambaye hakuwahi kutazamwa kwa macho hayo, alisikia kitu kikimchoma chini ya ubavu. Alijicheka. Nani anaona wivu kwa korongo? Lakini alikubali kwenda, kwa sababu moja tu: kiti cha mbele, kando ya mumewe, huko ambako kabla yake hakuna aliyekaa. Ndivyo alivyoamini.

Fundi alitoka chini ya pikapu akipangusa mikono. Wateja walimwita Penseli, kwa ajili ya ile iliyokaa sikioni mwake, ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiiandikia.

"Springi zenu nzima, mzee," alisema. "Ila hicho mlichoingia, mimi mwenyewe siwapendekezei. Mbao na bati. Kilo mia nane kikiwa kitupu. Weka maji, weka mizigo, muweke na shangazi hapa…"

"Shangazi ana kilo ngapi?" mshonaji akamkata.

"Shangazi hana kilo, ana heshima," alisema Penseli, na wote watatu wakacheka. "Nasema tu, hicho ni cha barabara ya lami. Kwenye mteremko wa mawe kitawavuta kichwa chini miguu juu. Njooni muone cha pili."

Cha pili kilikuwa chepesi. Kuta zake zilikuwa fupi, na paa lilinyanyuliwa kwa mkono likasimama juu ya vyuma viwili, pembeni likizungukwa na turubai. Ukiwa safarini unalishusha, upepo haukusumbui, matawi hayakugusi. Ukifika unalipandisha na unasimama wima. Mshonaji alikipenda papo hapo. Alipapasa mishono ya turubai akaiona imeshonwa mara mbili, kazi ya mtu anayejua.

"Panda kitandani ujipime," alisema mumewe. "Tuone kama miguu inatosha."

Akavua viatu, akapanda, akalala chali. Nje aliwasikia mume na fundi wakizungumza habari za ekseli. Jua lilikuwa la saa sita na turubai lilinukia joto. Ndipo harufu ikabadilika. Ikawa harufu ya vumbi linapopigwa na matone ya kwanza ya mvua, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe bila wingu, na upande wa kushoto wa godoro, upande ambao hakuwa ameulalia, ukabonyea polepole, kwanza mahali pa kiwiko, halafu mahali pa nyonga, kama mtu anavyolala kwa kunyata ili asimwamshe mwenzake. Turubai likavuta pumzi. Likatoa. Mshonaji alitaka kuita na sauti haikumtoka, na karibu sana na sikio lake, kwa upole wa mtu anayeulizia kitu chake, pakasemwa, "Panakutosha?"

Paa likamwangukia.

Penseli ndiye aliyemvuta miguu na kumtoa. Alipata mkwaruzo kwenye paji la uso na kilemba kikamtoka, basi. Fundi alikuwa amegeuka rangi. Alinyanyua paa, akalishusha, akalinyanyua tena, akawaonyesha pini mbili za chuma.

"Nimezifunga mwenyewe. Mzee umeniona. Angalia, zimefungwa hata sasa! Paa linaangukaje na pini zimefungwa?"

Mpima hakuangalia pini. Aliangalia hewani, juu ya kitanda, kwa jicho la mtu anayemkemea mtoto mbele ya wageni.

Hilo jicho ndilo lililomtisha mshonaji kuliko paa.

Nyumbani hakupika. Aliketi upande wa pili wa meza ya jikoni, akaikunja mikono yake.

"Sema," alisema.

"Niseme nini, mama?"

"Mimi si mama yako. Sema yule ni nani."

 Mpima alianza kwa mpangilio, kama anavyoandika ripoti. Kazi ya upimaji hufanywa na watu wawili. Mmoja anasoma kipimo kwa sauti, wa pili anakirudia kwa sauti na kukiandika. Asiporudia, hakiandikwi, kwa maana sikio hukosea. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofanya. Kisha mwaka mmoja msaidizi wake aliugua akarudishwa mjini, na ofisi haikuleta mwingine. Akafanya kazi peke yake. Lakini kuacha kusoma kwa sauti hakuweza. Kila siku alisimama kwenye ukimya wa porini, akasoma kipimo, akasubiri kidogo mahali pa jibu, kisha akaandika.

"Ukasubiri," alisema mshonaji.

"Kwa mazoea. Miezi minne nikasubiri. Siku moja wakati wa kiangazi, nikasoma, na nikajibiwa."

"Na hukukimbia?"

"Ningekimbilia wapi? Gari lilikuwa linarudi baada ya wiki tatu." Alipapasa ukingo wa meza. "Nilimsomea kipimo kingine. Akarudia. Hakukosea. Miaka kumi na tisa, hakukosea hata mara moja."

"Miaka kumi na tisa!"

"Sikumwona kamwe. Hatukuzungumza chochote. Vipimo tu."

"Unamsifu mbele yangu," alisema mshonaji. "Marehemu mume wangu alininyima usingizi kwa kukoroma. Nikasema nimepata mtu mtulivu. Kumbe nina mke mwenza asiye na mwili!"

"Si mke! Ni… ilikuwa kazi. Tangu nistaafu hajasikika. Nilidhani amebaki kule."

"Mpaka ulipovuta utepe leo ukasoma kwa sauti."

"Mpaka nilipovuta utepe."

"Na ukamsikia, na ukaitikia kwa kichwa."

 Usiku ule mshonaji alilala katikati ya kitanda kwa makusudi, na mumewe akalala kwenye kiti.

Mtaa wa pili alikaa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, aliyezalisha nusu ya watu wa mtaa, na ambaye kwa mambo kama haya watu walimwendea bila kutangaza. Hakuwa na makuu. Aliwaketisha wote wawili sebuleni, akamsikiliza mpima mpaka mwisho, akamuuliza jambo moja tu.

"Ulipomwajiri, ulimwambia kazi inakwisha lini?"

"Sikumwajiri, bibi."

"Uliita kila siku, na kila siku ulimwachia nafasi ya kujibu. Jini hahitaji barua." Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni. "Huyu hakuja kukudhuru. Alikuja kwa sababu palikuwa na nafasi tupu. Amefanya kazi yake vizuri, na sasa anaona mwanamke amesimama na daftari mahali pake. Wewe ungefurahi?"

"Nifanye nini?"

"Umwachishe kazi. Ni wewe uliyempa, hakuna mwingine wa kumtoa. Nenda na huyu mkeo mahali palipo wazi, soma kipimo cha mwisho, mwache akirudie, kisha umwambie kwa mdomo wako kwamba kazi imekwisha. Ataondoka."

Akamgeukia mshonaji, akamshika mkono kwa nguvu zilizomshangaza.

"Na wewe, mwanangu, nisikilize vizuri, kwa sababu nakuona ulivyokaza taya. Atakaposoma, usijibu. Hata kwa kunong'ona. Mwache yule amalize. Ile ni nafasi yake mpaka atakapoachishwa. Ukimnyang'anya yake, naye atachukua yako, na mimi sitakuwa na dawa."

"Nimesikia, bibi."

"Umesikia, au umeitikia tu?"

"Nimesikia."

Kijumba cha tatu kilikuwa cha aluminiamu, kifupi, kisicho na paa la kunyanyua, kitanda chake kimepita juu ya kichwa cha dereva. Kilo mia tatu na arobaini. Penseli alikikalisha kwenye pikapu kwa jeki nne za pembeni, akakaza minyororo, akawapa ufunguo.

"Kijaribuni, kipigeni kwenye mawe. Kikirudi na kelele, nirudishieni. Kikirudi kimya, tumalizane." Akamsogelea mshonaji akashusha sauti. "Shangazi, hiki paa lake limechomelewa. Halianguki hata likisukumwa na tembo."

Waliiacha lami alasiri, wakashika njia ya mawe iliyopanda kilimani. Mshonaji alikaa kiti cha mbele na dirisha wazi. Pikapu iliinama kulia, ikainama kushoto, kijumba nyuma yao hakikulia hata kidogo, na kwa saa nzima walikuwa watu wawili wazima waliofurahi. Mpima alimwonyesha jinsi ya kutambua udongo utakaobeba tairi. Mshonaji alimmenyea machungwa akamlisha akiendesha. Alifikiri: hapa ndipo pangu. Hapa simwachii mtu.

Juu ya kilima mume alizima injini. Jua lilikuwa limegusa miti. Alisema kuna kipimo kimoja kilichobaki kabla ya kununua: kutoka ardhini hadi chini ya bampa ya nyuma, mzigo ukiwa ndani, ili wajue kama mkia hautakwama wakishuka makorongoni.

"Ingia kijumbani ukae kitandani, uwe mzigo," alisema, akijaribu kutabasamu. "Nitasoma mara moja. Halafu nitamwambia. Unakumbuka la bibi?"

"Nakumbuka."

Akaingia, akapanda kitandani. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kupitia hapo alimwona mumewe akiinama, utepe mkononi. Harufu ya vumbi lililonyeshewa ilikuwa imekwisha kufika. Ndege waliokuwa wakipiga kelele vichakani walinyamaza wote kwa pamoja, kama darasa mwalimu anapoingia.

Mpima hakusoma upesi. Alibaki ameinama na utepe wake, kisha akasema, kwa sauti ambayo mshonaji hakuwahi kuisikia katika miezi minne, sauti nyororo, sauti ya mtu mwenye shukrani, "Umenisaidia sana. Nilipokuwa mgonjwa ulivirudia vipimo mara mbili mbili, ili nisikosee. Bila wewe ningerukwa na akili kule. Sikuwahi kukwambia asante."  Machozi yalikuwa yakimtoka. "Hiki ni cha mwisho. Mita sifuri nukta sita moja."

Na ndani ya kijumba, hapo hapo kitandani, begani mwa mshonaji, pumzi ya mwanamke ikavutwa polepole, pumzi ya mtu anayejikaza asilie kabla hajasema neno lake la mwisho, na mshonaji aliyajua yote aliyoagizwa, aliusikia mkono wa mkunga ukimbana kama vile bado ameketi pale sebuleni, lakini aliyaona pia machozi ya mumewe, machozi ambayo hakuyatoa siku ya harusi wala siku paa lilipomwangukia mkewe, na akafikiri kwamba hata kuondoka kwake huyu kutakuwa kuzuri kuliko kukaa kwangu, kwamba atakumbukwa kwa neno hili mpaka mume wangu azikwe, na kabla pumzi ile haijawa sauti, yeye mshonaji alipiga kelele kwa nguvu zake zote, "Sifuri nukta sita moja!"

Kimya.

Harufu ikakatika. Ndege mmoja akaanza tena, halafu wengine.

"Kazi imekwisha," alisema mpima kule nje, akipangusa uso, kana kwamba aliyejibu alikuwa yule yule wa siku zote. Akatega sikio. Akaukunja utepe. "Ameondoka," alisema, kama mtu asiyeamini. "Nahisi ameondoka. Mke wangu, njoo mbele, twende nyumbani."

Mshonaji alitaka kusema, nakuja. Mdomo wake ukasema, "Twende nyumbani."

Mume hakugeuka. Alizunguka gari akielekea mbele. Mshonaji akashuka kitandani, akakimbilia mlango, na mlango ukafungwa na upepo usiokuwapo. Akashika komeo. Halikusogea, wala hakusikia ubaridi wa chuma. Alitazama vidole vyake vikiwa juu ya komeo na akaona komeo kupitia vidole.

Mbele mlango wa dereva ulifunguliwa na kufungwa. Halafu wa upande wa pili.

Chini ya kitanda, kwenye ukuta wa mbele, palikuwa na kidirisha cha kioo cha ukubwa wa kitabu kilichotazamana na kioo cha nyuma cha gari. Mshonaji akapiga magoti akatazama. Kwenye kiti chake alikaa mwanamke. Alikuwa amevaa kilemba kama chake, na alipogeuza uso kuangalia njia, alikuwa na mkwaruzo ule ule kwenye paji la uso. Alikuwa akimenya chungwa. Alilimenya polepole sana, akilitazama kila ganda, kama mtu aliyekuwa ameona wengine wakifanya hivyo kwa miaka mingi na leo ndiyo kwanza amepewa lake.

"Unatetemeka," mpima alimwambia.

"Baridi tu," alisema mwanamke. Sauti ilikuwa ya mshonaji, na kicheko kidogo cha mwisho kilikuwa cha mshonaji.

"Pole, mama. Yamekwisha."

"Yamekwisha," alisema mshonaji ndani ya kijumba, bila kutaka.

Mpima alisimamisha mkono kwenye ufunguo. "Umesikia?"

Mwanamke alikuwa amesikia. Hakugeuka nyuma, kwa kuwa hakuwa na haja ya kugeuka. Aliweka kipande cha chungwa mdomoni mwa mpima, akamfuta kidevu kwa kidole gumba.

"Nataka uniahidi jambo," alisema. "Kuanzia leo usisome kipimo chochote kwa sauti. Si mita, si kilo, si kilomita. Na ukiwa karibu na hiki kijumba, usiseme neno. Ukitaka kusema nami, subiri tuwe ndani ya nyumba, mlango umefungwa, uninong'oneze."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokwambia. Mimi ni mkeo. Nina wivu."

Mpima alimtazama kwa yale macho yaliyolainika. Akamshika mkono, akafungua mdomo kuapa, akakumbuka, akaufunga, akaitikia kwa kichwa tu.

Nyuma yao, uso ukiwa umebanwa kwenye kioo, mshonaji alikuwa amekwisha kufungua mdomo wake, tayari kukirudia kiapo.

Injini ikawaka. Pikapu ilishuka kilima chote, jiwe kwa jiwe, na kijumba hakikutoa hata sauti moja.